Kuimba Messiah Kila Mwaka: Mwongozo Kamili kwa Kwaya ya Mji

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kwaya anayetaka kuwakusanya waimbaji wa makanisa mbalimbali katika mji wa Uganda kama Tororo, Mbale au Jinja, ili kila mwaka waimbe pamoja oratorio (kazi ndefu ya dini ya kwaya, waimbaji wa pekee na vyombo) ya Messiah ya George Frideric Handel. Kazi yenyewe ni ndefu: ina sehemu tatu, vipande 53 kwa hesabu ya toleo linalotumiwa na kwaya nyingi, na ikiimbwa yote huchukua takriban saa mbili na nusu. Walimu wengi huifungua mara moja, wakaiogopa, wakaishia kuimba "Hallelujah" peke yake siku ya Krismasi. Wengine hujaribu kuibeba yote katika mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili hawana tena kwaya.

Njia ninayoipendekeza inategemea jambo moja: kwa kuwa kazi hii itarudiwa kila mwaka, hakuna sababu ya kuimaliza mwaka huu. Korasi (vipande vya kwaya nzima) sita zilizoiva vizuri zitabaki vichwani mwa waimbaji, na mwaka ujao mtaongeza mbili au tatu juu yake, hadi baada ya miaka kadhaa mji wenu uwe na Messiah iliyokamilika bila mtu kuumia. Handel mwenyewe aliishughulikia hivyo. Aliitunga London kati ya Agosti 22 na Septemba 14, 1741, kwa maneno ambayo Charles Jennens aliyachagua katika Biblia, na ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Kila alipoirudia baada ya hapo alibadilisha vipande kulingana na waimbaji aliokuwa nao. Mwaka 1750, alipompata mwimbaji Gaetano Guadagni, aliandika upya "But who may abide" ili imfae. Ikiwa mtunzi aliirekebisha kazi yake kwa ajili ya sauti zilizokuwapo, nasi tunaweza kuipunguza kwa ajili ya sauti zetu.

Hatua ya kwanza: panga tarehe kabla ya kutafuta waimbaji

Watu wengi hufikiri Messiah ni ya Krismasi, lakini ni sehemu ya kwanza tu inayohusu unabii na kuzaliwa. Sehemu ya pili ni mateso na ushindi, na ya tatu ni ufufuo. Kwa Uganda, mwisho wa mwaka ni wakati mbaya. Katika kwaya yoyote ya mji, walimu wa shule ni nguzo, na kuanzia Oktoba hadi Desemba mitihani ya taifa ya UNEB huwachukua, kwanza kusimamia na kisha kusahihisha. Ifikapo katikati ya Desemba, waliobaki wanafunga safari kwenda vijijini, na kila mmoja ana mazoezi ya Krismasi katika parokia yake.

Kipindi cha Kwaresima nacho kina tatizo lake. Katika ibada ya Kikatoliki, Aleluya haiimbwi kabisa tangu Jumatano ya Majivu hadi mkesha wa Pasaka, na paroko atakayesikia "Hallelujah" ikipigwa kanisani kwake wiki mbili kabla ya Ijumaa Kuu atakuwa na haki ya kukuuliza maswali.

Kwa hiyo ninapendekeza alasiri ya Jumapili ya tatu ya kipindi cha Pasaka, yaani wiki mbili baada ya sikukuu yenyewe. Kwaya za parokia zimekwisha kupumua, Aleluya imerudi, na mazoezi yanaweza kuanza wiki ya pili ya Januari, wakati shule zimefungwa na barabara ni kavu. Mtapata wiki 12 hadi 17 hivi kulingana na Pasaka inavyoangukia. Hasara yake ni mvua ya Aprili, nami nitairudia katika suala la jengo.

Siku za mazoezi zichaguliwe kwa uangalifu uleule. Ukiweka Jumamosi, umewafungia mlango Waadventista, ambao mara nyingi ndio wanaosoma solfa (muziki ulioandikwa kwa herufi za d, r, m) vizuri kuliko wote mjini. Ijumaa jioni pia haifai, kwa kuwa Sabato yao huanza jua linapotua. Jumapili kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi na nusu alasiri, na Jumatano kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja jioni, ni saa ambazo karibu kila mtu anaweza kuzitimiza. Usivuke saa moja. Mwanakwaya anayetafuta boda boda gizani wiki mbili mfululizo hatakuja wiki ya tatu, na mumewe au mama yake atakuwa amekwisha kutoa uamuzi kabla yake.

Hatua ya pili: omba ruhusa kwa viongozi wa makanisa

Usianze kuwaita waimbaji wa kwaya nyingine mmoja mmoja. Nenda kwanza kwa Baba Paroko, kwa Mchungaji, kwa Mzee wa Kanisa, na kwa walimu wa kwaya zao, uwaeleze tarehe na saa, na uwahakikishie kwamba hutamchukua mtu yeyote siku ya ibada yao. Jambo hili ni la zamani kama kazi yenyewe. Handel alipokuwa Dublin alihitaji waimbaji wa makanisa makuu mawili ya mji huo, na mkuu wa kanisa moja, mwandishi Jonathan Swift, mapema mwaka 1742 aliwakataza waimbaji wake kushiriki katika matamasha ya ukumbi ambamo Messiah ingeimbwa, kabla ya kulegeza msimamo. Barua fupi yenye heshima, ikipelekwa kwa mkono miezi miwili kabla, ingeokoa ugomvi wa namna hiyo.

Kama kikundi kitashika fedha, kisajiliwe kama kikundi cha kijamii kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya, ambako kwa kawaida utatakiwa kupeleka katiba fupi, orodha ya viongozi na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa). Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu wasiotoka kanisa moja.

Hatua ya tatu: kusanya sauti na kuzipima

Kwaya ya watu 40 inatosha, na hata 28 wenye nidhamu wataimba vizuri kuliko 80 wanaokuja wanapojisikia. Kwa watu 40, lenga 13 wa sauti ya kwanza (soprano), 10 wa sauti ya pili (alto), 8 wa sauti ya tatu (tena) na 9 wa sauti ya nne (besi). Sauti ya tatu ikiwa na watu watano tu, usimhamishie huko mwimbaji wa besi mwenye kelele. Afadhali umwombe mwanamke mmoja au wawili wa sauti nzito waisaidie katika noti za katikati.

Kumpima mtu hakuhitaji vitisho. Mwombe aimbe ubeti mmoja wa wimbo wa dini anaoujua, kisha mpigie noti tano zisizo za wimbo wowote ili azirudie, halafu mpe mstari mmoja wa solfa ausome polepole. Jaribio la kwanza litakuonyesha sauti yake, la pili litakuonyesha sikio lake, na la tatu litakwambia akae karibu na nani. Mwenye sikio zuri asiyesoma aketi kati ya wawili wanaosoma. Asiyeweza kurudia noti tano baada ya majaribio kadhaa apewe kazi nyingine ya heshima, kwa mfano utunzaji wa vitabu. Kumpokea kwa huruma na kumwacha aimbe nje ya noti si kumtendea mema, wala si kuwatendea mema majirani zake wa benchi.

Teua kiongozi wa sauti kwa kila sauti. Huyo ndiye atakayeshika rejista ya mahudhurio na kuwapigia simu waliokosa, na ndiye atakayeongoza mazoezi ya sauti yake peke yake. Lugha ya maelekezo iwe Kiswahili tangu siku ya kwanza, kwa sababu katika miji yetu ya mashariki benchi moja linaweza kuwa na Mgisu, Mteso, Mjopadhola, Msoga na Mkenya aliyevuka mpaka wa Malaba asubuhi hiyo, na mwalimu akizoea kufanya mzaha kwa lugha ya mama yake, nusu ya kwaya hujiona wageni.

Hatua ya nne: tayarisha nakala na solfa

Handel alifariki tarehe 14 Aprili 1759, na muziki wake hauna mwenyewe tena. Matoleo ya zamani hupatikana bure katika maktaba za muziki za intaneti kama IMSLP, na unaweza kuyatoa fotokopi bila hofu. Matoleo mapya yaliyohaririwa ni suala jingine, kwa sababu kazi ya mhariri huwa na hakimiliki yake. Kama unalitaka toleo la namna hiyo, linunue. Kwa vyovyote usitoe kitabu kizima. Korasi sita huchukua kurasa chache tu kati ya mamia, nazo zikibanwa katika faili ngumu, zikapewa namba na kuandikwa katika daftari la mtunzaji, zitatumika miaka mingi.

Waimbaji wengi wa Uganda husoma solfa kuliko noti za mistari mitano, urithi wa wamisionari waliouleta mfumo ulioenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19. Usiuonee haya urithi huo. Messiah yenyewe ilichapishwa kwa solfa katika karne hiyohiyo kwa ajili ya kwaya za wafanyakazi wa Uingereza, na kwaya hizo ziliiimba yote. Ukilipata toleo hilo, kazi imepungua nusu. Usipolipata, andika mwenyewe, ukizingatia mambo machache. Katika "Hallelujah", Doh ni D, na mstari wa sauti ya kwanza unaanza d' s l s, jambo ambalo kila mtu atalitambua mara moja na kupata moyo. "And the glory of the Lord" ina Doh ya A, lakini muziki huhamia E mapema. Andika Doh mpya mahali hapo pamoja na noti ya daraja (noti moja yenye jina lake la zamani na jipya), badala ya kuendelea na Doh ya zamani huku ukirundika noti zilizopandishwa kama fe na de. Korasi za huzuni, kama "Behold the Lamb of God" iliyo katika G mainori, ziandikwe kwa kuifanya Lah kuwa makazi, na Doh iwe B-flati.

Andika pia mistari mikubwa kwenye karatasi za manila na kuzibandika ukutani. Macho yakiwa ukutani, kichwa huinuka na koo hufunguka, na wewe unaweza kuonyesha kwa fimbo mahali penyewe pa kosa. Solfa haitoshi, hata hivyo, kwa mpiga kinanda na kwa viongozi wa sauti: hao wajifunze noti za mistari mitano katika mwaka wa kwanza, kwa sababu bila hivyo hamtaweza kuongea na wapiga tarumbeta.

Hatua ya tano: chagua korasi za mwaka wa kwanza

Hapa ndipo kwaya nyingi huharibikiwa, kwa sababu huchagua zinazojulikana badala ya zinazowezekana. Wimbo wa kwanza kukataliwa uwe "For unto us a Child is born". Unavutia, kila mtu anauomba, nao ni mtego. Handel alichukua muziki wake kutoka katika nyimbo za Kiitaliano za sauti mbili za mapenzi alizokuwa amezitunga majira hayohayo ya mwaka 1741, na kutoka katika nyimbo hizohizo alipata pia "And He shall purify", "His yoke is easy" na "All we like sheep". Yaani zile mbio ndefu za noti ndogondogo ziliandikwa kwa waimbaji wawili mahiri waliosimama peke yao, si kwa besi tisa wanaotoka kazini. Korasi hizo nne ziwekwe kando hadi mwaka wa tatu au wa nne.

Anza na "And the glory of the Lord". Ina mapigo matatu yanayochezeka, sauti zinaingia moja baada ya nyingine kwa vifungu vifupi vinavyokumbukwa, na yale maneno kuhusu kinywa cha Bwana kilichonena yanaimbwa kwa noti ndefu zilizo karibu palepale, kiasi kwamba hata mwoga hupata ujasiri. "Behold the Lamb of God" inafundisha kuimba polepole bila kushuka sauti. "Surely He hath borne our griefs" inafundisha mapigo makali yenye nukta, ambayo kwaya zetu hupenda kuyalainisha hadi yakafanana na ya wimbo wa maandamano. "Glory to God" ni fupi na ina furaha, na inawapa tarumbeta nafasi. "Since by man came death" ni ya mtihani: inaanza bila chombo chochote, kisha vyombo vinaingia kwa kishindo, na kama mmeshuka hata robo ya noti, ukumbi mzima utajua. Inafanyika mara mbili, kwa hiyo hamna pa kujificha. Ninaiweka mwaka wa kwanza kwa makusudi, kwa sababu hakuna mazoezi ya sikio yanayoishinda.

Ya sita ni "Hallelujah" yenyewe. Tatizo lake ni kwamba kila mtu anaijua, na karibu kila mtu anaijua vibaya, kwa kuwa ameishika kwa kusikia kutoka kwa kwaya iliyoishika kwa kusikia. Sauti ya pili hasa huwa imekwisha kuimba noti za sauti ya kwanza oktava moja chini. Kwa sababu hiyo ianzwe wiki ya pili, si ya mwisho: kusahau noti mbaya huchukua muda mrefu kuliko kujifunza mpya. Katika mpangilio wa Handel inafunga sehemu ya pili, kabla ya "Since by man". Katika mwaka wa kwanza mimi ningeihamishia mwisho, ingawa wajuzi watanung'unika, kwa sababu "Worthy is the Lamb" haiwezi kusimama bila ile "Amen" ndefu inayoifuata, nayo si ya wanaoanza.

Mwaka wa pili ongeza "Lift up your heads" na "O thou that tellest". Mwaka wa tatu leta "Worthy is the Lamb" na "Amen", na ukiwa na sauti ya kwanza isiyotetereka kwenye A ya juu, "For unto us". Baada ya hapo kwaya itakuambia yenyewe inachotaka.

Hatua ya sita: endesha mazoezi

Kila zoezi la saa mbili ligawanywe hivi: dakika 15 za kupasha mwili na sauti, dakika 45 za sauti zilizotengana vyumbani au chini ya miti, dakika 10 za matangazo na maji ya kunywa, na dakika 50 za wote pamoja. Matangazo yasizidi hapo. Kwaya za Uganda zinapenda mikutano, na mkutano unakula muziki. Anza kwa saa iliyotangazwa hata kama wamefika sita.

Korasi mpya ifundishwe kwa utaratibu mmoja. Kwanza maneno yasemwe kwa mapigo yake bila kuimbwa, huku wote wakipiga pigo kwa kidole. Kisha solfa polepole, kisha noti zilezile kwa "la", na mwisho maneno na noti pamoja. Anza kufundisha kutoka ukurasa wa mwisho ukirudi nyuma. Kwaya inayofundishwa kutoka mwanzo huwa na ujuzi mwingi katika kurasa mbili za kwanza na wasiwasi katika za mwisho, ambako wasikilizaji ndiko wanakokumbuka. Inayofundishwa kutoka mwisho huimba ikielekea mahali inapopajua.

Matamshi ya Kiingereza yanahitaji zoezi lake. Wenzetu ambao lugha yao haitofautishi l na r kama Kiingereza kinavyofanya watahitaji kurudia "glory" na "Lord" polepole mbele ya kioo cha simu, wakiutazama ulimi. Jambo lililo gumu zaidi ni konsonanti za mwisho, ambazo sisi sote tunaozungumza lugha za Kibantu hupenda kuzifuatisha irabu ndogo. Andika kwa penseli pigo hasa ambalo d ya "Lord" itatamkwa, wote waitamke pamoja, na hapo irabu ile haitapata nafasi ya kuingia.

Pumzi nazo ziandikwe. Katika noti ndefu, jirani wawili wasivute pumzi pamoja. Wapeane zamu mapema, kwa majina, ili mlio usikatike. Kabla ya "Hallelujah" ya mwisho kuna kimya kamili ambacho Handel alikiweka kwa makusudi, na katika kila kwaya duniani yuko mtu mmoja atakayeimba ndani yake. Mtafute mapema. Dawa ni kukariri kurasa mbili za mwisho, ili macho yote yawe kwa kiongozi.

Wiki Takatifu msifanye mazoezi kabisa. Waimbaji wako wana Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, mkesha na Pasaka katika parokia zao, na watarudi wamechoka sauti. Zoezi la kwanza baada ya hapo liwe la kuimba kwa sauti ndogo.

Hatua ya saba: waimbaji wa pekee na vyombo

Kwa solo tatu au nne, tafuta kwanza ndani ya kwaya. "He was despised", iliyo ya sauti ya pili, iliimbwa Dublin na Susannah Cibber, ambaye alisifika zaidi kama mwigizaji kuliko kama mwimbaji. Inamfaa mtu mwenye sauti ya kawaida anayeweza kuyafikisha maneno. "He shall feed His flock" inaweza kugawanywa kati ya sauti ya pili na ya kwanza, na hivyo watu wawili wakabeba mzigo mmoja. "The trumpet shall sound" isubiri hadi mpate besi halisi na mpiga tarumbeta asiyekata tamaa.

Kinanda kimoja kizuri chenye mpigaji aliyejiandaa kinatosha kwa mwaka wa kwanza. Kama hakuna tarumbeta, na sauti ya kwanza inasumbuka juu, mnaweza kushusha kinanda nusu noti. Kiwango cha sauti cha vyombo vya zama za Handel kilikuwa chini ya chetu, kwa hiyo hamjamkosea. Kama bendi ya polisi au ya shule ya sekondari itawaazima tarumbeta mbili, kinanda kirudishwe mahali pake, na nakala zao ziandikwe upya: Handel aliandika katika D, lakini tarumbeta za bendi zetu ni za B-flati, kwa hiyo nakala yao inapanda noti nzima na kuwa katika E yenye shapu nne. Wapelekewe mwezi mmoja kabla. Wapiga bendi wa Uganda ni hodari, ila shapu nne si kawaida yao.

Hatua ya nane: jengo, fedha na wasikilizaji

Tafuta jengo lenye dari au paa la vigae. Paa la mabati tupu, mvua ya Aprili ikianza, litaifunika kwaya ya watu mia. Anzeni saa nane mchana badala ya saa kumi, kwa kuwa mvua nyingi hupenda alasiri inayochelewa. Msiweke vipaza sauti mbele ya kwaya. Kanisa la mawe au matofali linaibeba sauti lenyewe, na kipaza sauti kimoja hugeuza watu 40 kuwa mtu mmoja aliyesimama karibu nacho. Kipaza sauti kiwe cha msomaji tu. Jenereta, kama ipo, iwe nyuma ya jengo, mbali na madirisha.

Mkitumia kanisa Katoliki, kumbukeni kwamba waraka uliotolewa Vatikani mwaka 1987 kuhusu matamasha makanisani unataka maombi ya maandishi, unataka waimbaji wasipangwe patakatifu penye altare, na unataka watu waingie bila kulipa kiingilio. Hilo lisiwavunje moyo. Fedha zinaweza kutoka kwenye ada ndogo ya kila mwezi ya wanakwaya, matangazo ya wafanyabiashara katika kijitabu cha tamasha, na sadaka mlangoni. Tamasha la Dublin lilikuwa la hisani tangu mwanzo: mapato yake yaligawanywa kati ya hospitali mbili na wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 waliachiliwa kwa fedha hizo. Nanyi tajeni mapema mnachokichangia, kiwe kitu kimoja kinachoonekana, mfano magodoro ya wodi ya watoto katika hospitali ya wilaya.

Kuhusu lugha, ninashauri muimbe kwa Kiingereza, kwa sababu kuyapachika maneno ya Kiswahili au Kiganda juu ya noti hizi huhamisha mikazo na kuvuruga muziki. Badala yake, kwa kuwa maneno yote yanatoka katika Maandiko, andikeni sura na aya katika kijitabu, na msomaji asome kila aya kwa Kiswahili kabla ya korasi: Isaya 40:5, Luka 2:14, Yohana 1:29, Isaya 53:4–5, 1 Wakorintho 15:21–22, na kwa "Hallelujah", Ufunuo 19:6, 11:15 na 19:16. Bibi aliyekuja na Biblia yake ya Kiteso atafuata bila shida. Mkitaka kusikika kwa lugha ya nyumbani, ongezeni siku moja kipande cha oratorio ya Mashahidi wa Uganda ya Joseph Kyagambiddwa, iliyohusishwa na kutangazwa watakatifu kwa mashahidi hao Roma mwaka 1964. Ila hiyo si kazi ya zamani kama ya Handel, nayo ruhusa iombwe.

Hatua ya tisa: siku yenyewe

Wanakwaya wafike saa tano asubuhi wakitoka ibadani, wale chakula chepesi kisicho na mafuta mengi, wapashe sauti dakika 20, wajaribu mwanzo na mwisho wa kila korasi tu, kisha wakae kimya. Mazoezi kamili ya mwisho yafanywe Ijumaa mchana au Jumapili iliyotangulia, katika jengo lilelile, wakiwa wamesimama kama watakavyosimama. Sare isiwe na gharama: nyeusi chini, nyeupe juu. Wasikilizaji watasimama "Hallelujah" ikianza, wakiamini kwamba Mfalme George wa Pili alisimama. Hakuna ushahidi wa wakati ule unaothibitisha kwamba alikuwapo, lakini msiwakalishe. Waambieni tu, kabla ya kuanza, wasubiri kimya cha mwisho kipite ndipo wapige makofi au vigelegele.

Hatua ya kumi: wiki mbili zinazofuata

Nakala zote zikusanywe siku hiyohiyo mlangoni, namba kwa namba. Ndani ya wiki moja mweka hazina abandike hesabu kwenye mbao za matangazo za makanisa yote yaliyochangia waimbaji, pamoja na stakabadhi ya kile kilichonunuliwa. Wiki ya pili itisheni mkutano mmoja, usiozidi saa moja, wa viongozi wa sauti: msikilize rekodi ya simu kwanza, kila mmoja aandike mahali sauti yake ilipopotea, kisha mpange tarehe ya mwaka ujao, mchague korasi mbili za kuongeza, na kumkabidhi mwandishi wa solfa kurasa zake ili aanze kuziandika mwezi Juni.